Wabunge nao watibiwe kwa SHA: Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Taifa

Mheshimiwa Spika,

Nakuandikia wewe badala ya Waziri wa Afya kwa kuwa Katiba imekuvika kofia mbili. Mbali na kuongoza vikao, Kifungu cha 127 kinakufanya mwenyekiti wa Tume ya Huduma za Bunge, na bima ya afya ya wabunge hupitia mezani kwa tume hiyo. Ombi langu ni moja: mkataba wa bima hiyo ukiisha, msiutie saini tena. Wabunge 349 na maseneta 67, pamoja na familia zao, watibiwe kwa SHA, bima ya afya ya umma hapa Kenya, kama sisi wengine.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipita mikononi mwenu mwaka 2023. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila kikomo, ilhali zamani hata wa mshahara mnono hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Nanyi mnakatwa, tena kwa mishahara yenu si pesa kidogo, na sitalificha hilo. Ila kukatwa ni jambo moja na kutibiwa ni jingine. Mnachangia SHA, kisha mkiugua mnatoa kadi nyingine, ambayo pia tunailipia sisi.

Chukua suala la kujifungua. SHA humlipia mama anayejifungua kwa njia ya kawaida shilingi 10,000, na 30,000 akifanyiwa upasuaji. Kiwango cha uzazi ambacho Tume ya Mishahara na Marupurupu iliwawekea wabunge ni 150,000, mbali na milioni 10 za kulazwa na 300,000 za matibabu bila kulazwa. Siiti hiyo anasa. Huenda ndivyo uzazi salama unavyogharimu katika hospitali mnazokwenda. Basi nani aliyepiga hesabu akaona 10,000 zinamtosha mama mwingine?

Na pesa ni nusu tu ya taabu. Katika hospitali moja nilimwona mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani tangu asubuhi. Keshia akamwambia nambari ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mumewe, kwa sababu mume ndiye mchangiaji. Mume alikuwa safarini, hapatikani. Alipopatikana, sistimu ikawa iko chini. Keshia hakuwa mkali, alionekana tu kuchoka kurudia maneno yale yale kwa kila aliyefika dirishani. Kitanda kilikuwa kimeshapewa mgonjwa mwingine, kwa hiyo mama yule akaketi kwenye benchi, mfuko wa nguo mapajani, mpaka jioni. Waheshimiwa waliowahi kukalia benchi lile nadhani ni wachache mno.

Najua nitakavyojibiwa: mbunge anazijua shida hizi kuliko mtu yeyote, simu yake hailali, kila mwenye bili iliyomzidi humpigia yeye. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu naandika. Mbunge hukutana na SHA akiwa mfadhili. Anatuma chochote, anaahidi kufika kwenye harambee, mgonjwa anatolewa hospitalini, na familia nzima inamshukuru. Pale pale sheria aliyoipitisha iliposhindwa, yeye anavuna sifa. Simdhanii yeyote kwamba anaiombea SHA ianguke, lakini bima ikifanya kazi sawasawa simu hizo zitakoma, na shukrani pia. Mtu aliye katika hali hiyo hana haraka. Angekuwa na haraka kama mkewe ndiye angekuwa kwenye benchi.

Wamarekani walilijaribu jambo hili. Katika sheria yao ya bima ya mwaka 2010 waliweka kipengele kwamba wabunge na wafanyakazi wa ofisi zao wapate bima kupitia masoko yale yale ya bima yaliyofunguliwa kwa raia. Aliyekisukuma ni Seneta Chuck Grassley, ambaye mswada wenyewe aliupinga! Kisha, mwaka 2013, idara inayosimamia watumishi wa serikali ikatoa kanuni kwamba serikali iendelee kuwachangia wabunge sehemu kubwa ya malipo, nao wakapitia soko la bima za biashara ndogo la jijini Washington. Raia aliyejinunulia bima mwenyewe hakuwa na mwajiri wa kumchangia. Kelele zilipigwa, kanuni ikabaki.

Kwa hiyo sisi tuandike bila kuacha kichochoro. Mbunge anayetaka bima ya kampuni binafsi aruhusiwe, kama Mkenya yeyote anavyoruhusiwa, lakini ailipie kutoka mfukoni mwake. Pesa za umma zisiongezwe juu ya SHA, wala zisirudi mwaka ujao zikiitwa marupurupu ya jina jingine. Sharti hili lidumu angalau muhula mmoja wa Bunge, maana miezi michache mtu anaweza kuivumilia bila kuugua. Matibabu ya dharura hayamo katika ubishi huu. Kifungu cha 43 kimeshasema hakuna wa kunyimwa, awe mheshimiwa au la.

Kabla hatujafika huko, mtangaze mkataba wa sasa unagharimu shilingi ngapi kwa mwaka, na mwaka uliopita ulilipa madai ya kiasi gani. Majina ya wagonjwa siyataki, wala maradhi yao. Ombi rasmi nimelipeleka kwa Karani wa Seneti, ambaye ndiye katibu wa tume yako, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa siku 21 kunijibu.

Wako mwaminifu,
Mchangiaji wa SHA