Salamu za Krismasi, na yaliyowahi kutokea Desemba 25

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu, jamaa na marafiki wote. Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo, na kina baba wadogo wa upande wa Waislamu asalaam aleikum, maana pilau la kesho ni letu sote kama lile la Idi lilivyokuwa letu sote. Nawatakia heri ya Krismasi na baraka za mwaka mpya, Mungu aliyetufikisha leo atufikishe na mwakani tukiwa wazima wa afya.

Mwaka ulikuwa mgumu jamani, tusidanganyane. Mchele umepanda, mafuta ya kula ndo usiseme, nauli za mkoani wiki hii zimepaa kama zinavyopaaga kila Desemba na mwenye watoto wanne anapiga hesabu mpaka anaghairi safari. Wapo watoto kesho watavaa nguo za Krismasi iliyopita, zikifuliwa zikapigwa pasi zinapendeza vizuri tu, naomba mtu asimsimange mzazi wao. Na juu ya yote hayo sisi mzee wetu tumemzika mwezi wa sita.

Mliokula Krismasi kwetu Muheza mnakumbuka, baba yetu, mwalimu, alikuwa haruhusu sinia liguswe mpaka watoto wamwambie siku kama ya leo kulitokea nini duniani. Tulikuwa tunachukia kwa sababu ya njaa! Kesho hakuna wa kuuliza, na mimi nimeshindwa kukaa kimya, ndo maana salamu zangu mwaka huu ni ndefu.

Mwaka 800 siku ya Krismasi, Papa Leo wa Tatu alimvisha Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, taji la ukaisari kule Roma. Mwaka 1066 William wa Normandy akatawazwa mfalme wa Uingereza kule London, watu wakashangilia ndani ya kanisa, askari wake waliokuwa nje wakadhani ni fujo wakachoma moto nyumba za jirani, yani sikukuu ya mmoja ikawa msiba wa majirani zake. Krismasi ya 1497 Vasco da Gama alikuwa anapita pwani ya Afrika Kusini akaipa jina la Natal, na miezi michache mbele, Aprili 1498, akawa kashafika Mombasa na Malindi, yaliyofuata kwa watu wa pwani hii mnayajua. Desemba 25 mwaka 1991 Gorbachev, rais wa Muungano wa Kisovyeti, akajiuzulu, bendera nyekundu ikashushwa Kremlin, ikulu ya Moscow, dola kubwa vile ikaisha jioni moja.

Ila aliyokuwa anaipenda baba ni ya 1914. Wajerumani na Waingereza walikuwa wamechimbiana mahandaki kule Ubelgiji na Ufaransa, wanauana miezi kadhaa, ikafika mkesha wa Krismasi Wajerumani wakaanza kuimba, wa upande wa pili nao wakajibu kwa nyimbo zao, kulipokucha wakatoka mikono mitupu wakasalimiana, wakapeana sigara na chakula, wakazika maiti zao zilizokuwa zimelala katikati. Haikuwa kila mahali, sehemu nyingine risasi ziliendelea. Na huku kwetu Tanga mwezi Novemba mwaka huohuo walikuwa wamepigana hao hao, mpaka nyuki wakaingilia wakawatimua askari, na vita ya huku ikaburuzwa mpaka Novemba 1918, wapagazi wetu wakafa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa kwenye ugomvi usiowahusu.

Sasa baba alikuwa anamalizia hivi: baada ya siku ile walirudi mahandakini wakaendelea kuuana, na mwaka uliofuata wakubwa wao wakapiga marufuku kabisa kusalimiana na adui. Hapo sauti yake ilikuwa inabadilika. Mimi utotoni sikuelewa kwa nini.

Nimeelewa mwaka huu. Tangu arobaini kaka yangu na dada yangu hawasemezani kwa sababu ya kiwanja, na kesho najua watashikana mikono pale kanisani watu wanawaona halafu keshokutwa kila mtu anarudi handakini kwake. Kaka, dada, nawaheshimu ila naomba mnisikie. Amani ya siku moja hata wenye bunduki waliiweza! Yesu hakuzaliwa ili tupatane saa ya pilau, alizaliwa tusameheane Januari, tusameheane siku ya kugawana, tusameheane hata anayedai akiwa ana haki. Kiwanja hakitatuzika, sisi ndo tutazikwa. Na hili ni la kila nyumba yenye mirathi, wake kwa waume, msiwapeleke watoto wenu kwenye ugomvi kama wapagazi wale.

Kingine, keshokutwa ni tarehe 26 na vijana watataka bichi. Mwaka 2004 tarehe hiyohiyo tetemeko la chini ya bahari kule Sumatra lilileta tsunami ikaua zaidi ya watu laki mbili, mawimbi yakafika mpaka kwetu na kuna waliokufa hapa Tanzania wakiogelea. Watoto wasiachwe majini peke yao, mkubwa mmoja akae nao asishike simu.

Basi, ibada kesho saa tatu, chakula ni kwa mama baada ya kanisa. Mwenye mchele alete mchele, mwenye nazi alete nazi, asiye na kitu aje hivyohivyo. Kaka na dada nimewapanga sinia moja. Heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye baraka tele.