Umeshachukua nakala?

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Habari za watu kufutwa kazi hapo kwenye kampuni yenu Marekani nimezipata kwa kakako, si kwako. Unanificha nisiingiwe na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ndio huu. Uko huko kwa H-1B, kibali cha kazi kinachotegemea mwajiri. Basi nijibu hili kwanza: umeshachukua nakala?

Nataka ziwe nyumbani kwako: I-797 zote (barua za uhamiaji za kupokea na kukubali maombi), I-94 (rekodi ya kuingia na mwisho wa kukaa), hati za mshahara, W-2 (ya mshahara na kodi ya mwaka), barua ya ajira, nakala ya PERM (idhini ya Wizara ya Kazi ya Marekani ili mwajiri akuombee ukaazi wa kudumu, yaani green card) na ile hati ya kukubaliwa kwa I-140 (ombi lenyewe la mwajiri kwa ajili yako). Kwenye kompyuta ya kazini si mahali. Mtu akifutwa, barua pepe yake hufungwa asubuhi hiyohiyo, abaki kumbembeleza wakili ambaye ni wa kampuni, si wake. Mali ya kampuni usiiguse. Nasema karatasi zenye jina lako. I-140 ni ya mwajiri na anaweza kukunyima, lakini namba ya risiti na tarehe yako ya foleni ya green card usikose. Ukinyimwa kabisa, iombe USCIS, idara ya uhamiaji, kwa sheria yao ya uhuru wa habari, ila huko ni kungoja.

Usijidanganye kwamba siku 60 za kubaki huko baada ya kufutwa ni nyingi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani yake, na tarehe ya I-94 ikifika kabla, mwisho ni hapo. Malipo ya kuachishwa hayaongezi hata siku moja. Mwajiri mpya huanza na Wizara ya Kazi kuthibitishiwa mshahara, siku 7 za kazi. Kama hajawahi kuomba, kuna siku nyingine za kuhakiki namba yake ya kodi. Ndipo apeleke I-129, ombi lake la H-1B yako. Kwa hiyo ofa ikupate kufikia siku ya 35, ikizidi sana ya 40. Maombi yakishapokewa unaingia kazini bila kungoja jibu, na bahati nasibu ya H-1B hurudii. Siku zikikaribia kwisha huna kazi, peleka I-539 uombe kukaa kama mgeni. Kazi hutafanya, lakini utakuwa umeomba kwa wakati. Na ukiamua kurudi, nauli ya kuja nyumbani ni juu ya mwajiri aliyekufuta, kisheria. Idai, usione haya.

I-140 yako ihesabie siku 180 tangu ilipokubaliwa. Zikishapita, hata mwajiri akiiondoa, bado itakusaidia kuongezewa H-1B baada ya miaka 6 iliyo kikomo chake. Akiiondoa kabla ya hapo, tarehe ya foleni unabaki nayo, lakini mlango huo wa nyongeza unafungwa. Kwa vyovyote kampuni mpya itaanza PERM upya. Waulize kabla hujatia saini: je, katika miezi 6 iliyopita wamewafuta watu wa kazi kama yako, eneo hilohilo? Kama ndiyo, sheria inawataka wawajulishe hao kwanza na kuwafikiria. Kampuni nyingi huona usumbufu na kusimamisha PERM kabisa, nawe unaendelea kuzeeka na H-1B.

Barua ya uzoefu ya Nairobi nilikwambia uichukue siku unaondoka. Hukunisikia. Iwe na nembo ya kampuni, cheo, tarehe ya kuanza na ya kuacha, kwamba ulikuwa wa kutwa, na ulichokuwa ukifanya kimoja kimoja. Ile uliyonayo inasema tu ulikuwa mfanyakazi mwenye nidhamu. Nidhamu haihesabiwi pale. Niandikie rasimu, nitapanda treni niipeleke mwenyewe kabla yule meneja hajastaafu.

Cheti chako cha kuzaliwa kiliandikishwa ukiwa tayari shuleni, na siku ya I-485, ombi lako mwenyewe la green card, watauliza kwa nini. Hilo ni letu, si lako. Kadi yako ya kliniki ninayo: pembe moja imeliwa na mende, lakini jina langu, tarehe uliyozaliwa na mhuri wa zahanati vinasomeka. Nimeipiga picha pande zote mbili. Shangazi yako atakula kiapo.

Harusi ya mdogo wako, mama, usije. Muhuri wa viza kwenye pasipoti umeisha, itabidi uombe mwingine ubalozini Nairobi. Wakikufuta ukiwa huku, zile siku 60 huna, ni za aliye ndani ya Marekani. Atakasirika, nitamtuliza. Pasipoti yenyewe nayo ianze kubadilishwa sasa. Ikikaribia kuisha, ofisa wa mpakani huandika I-94 kwa tarehe ya pasipoti, si ya kibali, na watu hugundua wameshachelewa.

Hapa mtaani wanakutaja kwa shahada yako ya pili na mimi nafurahi, sikufichi. Lakini kesho, kabla ya chai, chukua nakala.

Bibi sukari yake imeshuka, anakula vizuri. Pesa za mabati usitume mwezi huu, ziweke za wakili wako mwenyewe. Jiko linavuja upande wa mlango tu, na fundi amekubali kungoja hadi masika yapite.

Mamako