Bei ya bunduki ya marehemu babu

Birmingham, Uingereza

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo ami. Sisi huku wazima, alhamdulillah, baridi tu ndiyo inayotusumbua. Naomba na nyinyi hapo Wete, pamoja na bibi na mashangazi, mmo katika hali njema.

Picha za bunduki ya marehemu babu zimefika. Umenambia mgawo wa mirathi unangoja bei yake, na yupo dalali wa Unguja aliyeona neno London juu ya mitutu akawaambia hiyo ni mali ya mamilioni. Ami, neno lile lisiwatie tamaa. Picha nimemwonesha fundi mmoja wa bunduki wa hapa, mtu mzima, akasema nyingi zilizoandikwa London zilitengenezwa hapa hapa Birmingham, duka la London likatia jina lake tu. Ushahidi uko chini ya mitutu, pale inapolalia chuma cha mtambo.

Mitutu ya Kiingereza hujaribiwa kwa baruti nzito kuliko ya kawaida kabla bunduki haijauzwa, kisha ikagongwa muhuri. Nyumba ya majaribio ya hapa ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, na hadi leo inafanya kazi hiyo. Mkiona fimbo mbili za kifalme zilizopishana, taji juu yake, na herufi B, P na C, basi ilijaribiwa hapa kabla ya 1904. Mkiona ELG ndani ya umbo la yai, imetoka Liège, Ubelgiji. Tafuteni pia maneno NITRO PROOF. Yasipokuwepo, huenda haikujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, na risasi za siku hizi zinaweza kuipasua mkononi mwa mtu.

Hilo ndilo linalonitia hofu. Yale mawimbi mazuri kwenye mitutu ni chuma na feleji zilizosokotwa pamoja zikafuliwa, kazi ya zamani, na nyingi za namna hiyo zilikuwa za baruti nyeusi, ile ya zamani yenye moshi. Nasikia Khamis anataka akipata leseni yake aende nayo shamba kupigia tumbili. Mkatazeni, ami, mkatazeni kabisa.

Maadamu iko kituoni tangu babu alipofariki, muombe afande aifungue mwenyewe, ahakikishe haina risasi, akupigie picha za chini ya mitutu na za ndani yake dhidi ya mwanga. Kutu ikishachimba vishimo ndani, bei huanguka. Asiipige msasa wala kuipaka rangi, maana wanunuzi wa vitu vya kale huikimbia iliyosuguliwa. Na ule waya wa shaba babu aliouzungusha kwenye ufa wa shingo ya kitako, msiufungue. Nimeikuza ile picha nikauona mzunguko kwa mzunguko, umelala sawasawa, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Fundi anasema ufa ule unapunguza thamani. Mimi nauona mkono wa babu.

Sasa bei. Bunduki ya Birmingham ya umri huo, ya vinyundo vya nje na isiyo na jina kubwa, hapa huuzwa paundi mia chache, na ikiwa mbovu ni chini ya hapo. Lakini ami, hiyo ni bei ya hapa. Kwenu mnunuzi lazima awe na leseni, na polisi wakubali kuihamisha, kwa hiyo wanunuzi ni wachache. Kwenye mirathi iandikeni kwa bei ambayo mtu mwenye leseni hapo Pemba yuko tayari kuitoa, si kwa ndoto ya London. Ikiandikwa mamilioni na atakayeichukua akakatiwa kwenye fungu lake, amedhulumika. Ikiandikwa bure, wamedhulumika mashangazi, na bibi katika thumni yake, ile moja ya nane ya mjane. Mkiafikiana, muwapelekee Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana orodha ya mirathi ikiwa na bei hiyo.

Nitumie picha za mihuri, nimrudie fundi. Nisalimie wote, na bibi mbusie mkono kwa niaba yangu.

Wassalaam,
Mwanao