Uyoga uliobaki utiwe siki, usitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wapishi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini namna ya kuhifadhi uyoga unaobaki jikoni, kwa kuwa mvua zikishika uyoga hujaa kando ya barabara kwa wakati mmoja, na kuuanika katika ukungu na manyunyu ya huku kwetu ni kazi ngumu. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, ndiyo maana huteleza na kunuka upesi hata kwenye baridi ya Mafinga.

Njia ninayoipendekeza ni kuutia siki pamoja na masalio ya jikoni: nusu ya kitunguu, kipande cha karoti, punje za kitunguu saumu, hoho lililosinyaa lakini halijaoza. Uyoga usafishwe, ukatwe, uchemshwe katika maji ya chumvi kwa dakika 10, kisha uchujwe hadi ukauke, kwa sababu maji yanayobaki ndani yake huizimua siki. Kikombe 1 cha siki ya dukani yenye asidi ya asilimia 5 kichemshwe na nusu kikombe cha maji, chumvi, sukari kidogo, pilipili manga na mboga hizo, halafu vyote vimiminwe vikiwa vya moto juu ya uyoga katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Ukilala usiku mmoja huwa umekolea, na kwa ugali na maharage sijaona achari ya kununua inayoushinda.

Linalonitia hofu ni desturi ya kuufunika uyoga kwa mafuta ya alizeti na kuuweka kabatini. Mafuta huzuia hewa, na bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hustawi mahali pasipo hewa wala uchachu wa kutosha, tena sumu yao haionekani wala hainuki. Chupa ya uyoga wa siki ikae kwenye friji na uyoga uliwe ndani ya wiki moja. Asiye na friji atengeneze wa mlo mmoja tu.

Vilevile, siki haiondoi sumu ya uyoga wa porini, wala kuuchemsha hakuiondoi, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa 6 au zaidi. Uyoga ukishakatwa na kulowekwa, hata mzee aliyeuchuma maisha yake yote hawezi kuutambua, kwa hiyo utambuliwe ukiwa mzima.

Naomba pia ukurasa wako wa mapishi, unapochapisha achari ya aina yoyote, utaje kipimo cha siki na muda wa kuihifadhi, badala ya kuandika “siki kiasi”.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa