Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni wa Heshima, Likoni, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu, asalaam alaykum na Bwana asifiwe.

Kwa niaba ya Chama cha Historia, tunakukaribisha Likoni kwa mikono miwili. Tunajua umevuka feri asubuhi hii ukiacha kazi nyingi ng'ambo, na huko kuja kwako tu ni heshima kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tumekungoja kwa hamu ya mgonjwa aliyesikia daktari yuko njiani.

Chama hiki kilianza 2014 kikiwa na wanafunzi 9 na mwalimu mmoja. Leo tuko 43, pamoja na wenzetu wa Gredi ya 10, ambao ni wa kwanza kuingia Sekondari Pevu ya mtaala mpya na wamechagua Historia na Uraia kwa hiari yao. Tumezuru Fort Jesus mara mbili na Rabai mara moja. Mwaka jana tulishika nafasi ya pili katika chemsha bongo iliyokutanisha shule nne, ushindi uliolitangaza jina la Likoni kote Mombasa. Hayo ni machache tu, muda hauturuhusu kuyataja yote.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja: chumba cha historia.

Sasa hivi tunakutana katika stoo ya michezo, mipira na majembe upande mmoja, sisi upande mwingine. Ramani ya Afrika tuliyo nayo bado inaionyesha Sudan kuwa nchi moja, ilhali Sudan Kusini ilipata uhuru 2011. Mwalimu wetu ameuchora mpaka kwa kalamu nyekundu. Kitabu kimoja cha kiada husomwa na watu sita. Siku tuliyofundishwa jinsi Waomani walivyoizingira Fort Jesus tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, mwalimu alichora pwani kwa chaki sakafuni, akaweka debe liwe ngome, akavua kiatu kikawa Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome 1697. Tulielewa, na hatutasahau. Lakini ngome yenyewe iko ng'ambo tu ya maji, na sisi hatuna hata picha yake ukutani.

Linalotuuma zaidi ni madaftari. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwaendea wazee wa hapa Likoni na kuandika wanayoyakumbuka. Kuna mzee aliyepakua magunia Kilindini kabla ya uhuru. Kuna bibi wa Mtongwe aliyekumbuka mabishano ya Mwambao, kama pwani ijitenge au iwe Kenya, barazani kwa baba yake, hadi mkataba wa Oktoba 1963 ulipouweka ukanda wa pwani wa maili kumi ndani ya Kenya. Mkataba umo kitabuni. Baraza la baba yake halimo. Madaftari hayo tuliyatia katika boksi, na stoo inavuja. Masika ya mwaka jana tuliyakuta yamegandana, wino umekimbia. Tuliyaanika uwanjani siku mbili. La yule bibi halikusomeka tena. Tulirudi Mtongwe kumwomba atueleze upya, tukakuta matanga.

Mheshimiwa, tunasema haya kwa adabu, wala hatutaki kukuchosha na habari za waliokutangulia. Ila ukiliona jiwe la msingi nyuma ya jikoni utauliza tu. Liliwekwa 2022 na mgeni wa heshima kama wewe. Utepe ulikatwa, tukapiga makofi, tukapigwa picha. Msingi umebaki shimo, na mvua ikinyesha mbuzi wa majirani hunywa humo. Mgeni wa 2023 alituahidi mabati na vitabu 100 kabla ya Ramadhani. Ramadhani zimepita tatu. Tumeandika barua nne, na majibu hatujayapata. Wageni wamekuja, Mheshimiwa. Wenyeji bado hatujapona.

Tunakuomba basi utumalizie chumba hicho kimoja: kuta, mabati yasiyovuja, kabati la chuma lenye kufuli, ramani mpya, na vitabu vya kiada, hasa vya Gredi ya 10. Wazazi wamejitolea kubeba mchanga na kuponda kokoto. Fundi ni baba wa mwanachama wetu, na amekubali kupunguza ujira wake. Makadirio yote yamo katika bahasha hii, na yamepitiwa na Bodi. Utakaposimama kujibu, tafadhali ututajie tarehe ya kuanza kazi, na jina la mtu wa ofisini kwako ambaye tutamfuata tarehe hiyo ikifika.

Bahasha nakukabidhi mbele ya Mwalimu Mkuu na wazazi wote. Na kabla hatujaketi kwa pilau, tunaomba utufuate nyuma ya jikoni. Si mbali, ni hatua thelathini tu.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Historia
Imesomwa na Katibu