Barua kwa Shija kabla fundi hajafungua simenti

Musoma, Jumapili jioni

Mpendwa Shija,

Mwangaluka! Huku tu wazima. Shemeji yako anakusalimu na anauliza wale sangara uliosema utawatuma walipanda basi gani. Salamu nyingine tuziweke kiporo. Katekista ameniambia kamati imeshapata fundi, plasta inaanza Jumatatu ya wiki ijayo, na mifuko 40 ya simenti imeshushwa hapo Mwanza, kwenye lile kanisa la zamani mnalotaka kuligeuza ukumbi wa mtaa pamoja na madarasa yake. Shija, naomba umsimamishe. Mpe posho ya siku, mnunulie na chai, ila mfuko hata mmoja usifunguliwe.

Ukuta ule si wa bloku. Kwa picha ulizotuma, ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo na chokaa, na zile za mistari ya chini hazikuiva vizuri. Ukuta wa namna hiyo hauna DPC, ule utando wa msingini wa kuzuia unyevu usipande. Unanyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia plasta yake ya chokaa, na ndiyo maana umesimama hadi leo. Ukiuvika simenti, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inaachia. Utaijua kwa kuigonga na kifundo cha kidole, kuanzia chini hadi usawa wa kifua: ikilia kama debe tupu, imeshaachia. Ikidondoka inaondoka na uso wa tofali, na hapo hakuna tena cha kukarabati, ni kubomoa.

Dawa ni chokaa, lakini si kila mfuko ulioandikwa chokaa. Madukani kuna chokaa iliyochomwa ikazimwa kwa maji, na kuna unga wa mawe ya chokaa uliosagwa tu, ambao haushiki kitu. Weka kijiko kimoja kwenye kisosi, mwagia siki. Ukitoka povu jingi, huo ni unga wa mawe, mrudishie mwenye duka. Chokaa iliyozimwa, ikiwa mpya, haitoi povu la kusema. Changanya chokaa kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu, kwa ndoo ileile, si kwa macho ya fundi. Mchanga wa ziwani ni laini mno na mara nyingi una tope, kwa hiyo tafuteni wa mtoni wenye chembe za ukubwa tofauti, kisha mujaribu: jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho. Tope litakalokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga, uoshwe.

Ukuta uloweshwe kabla. Koti la kwanza lisizidi milimita 10, lirushwe kwa nguvu, lisipakwe. Subirini wiki nzima ndipo koti la pili, na muda wote huo magunia mabichi yaning'inie mbele yake, maana chokaa inakomaa kwa kunywa hewa polepole, na jua la Mwanza likiikausha haraka inapasuka na kubaki unga. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoikosea, halafu wanasema chokaa haifai. Miwani na glavu ni lazima, inaunguza macho. Na rangi iwe ya chokaa pia. Ukipaka rangi ya plastiki juu yake umerudi kulekule kwenye simenti.

Simenti yenyewe haipotei. Ipangeni juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, ifunikeni turubai, itumike ndani ya miezi mitatu. Kazi zake zipo: kitako cha tangi, choo, na njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu. Ngazi za mlangoni naona ni tatu za sentimita 15, jumla 45. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 mnahitaji mita 5 na sentimita 40, kwa hiyo ianzieni upande wa mwembe, mbele hapatoshi.

Kabla ya hayo yote, maji. Toeni udongo uliorundikana ukutani nje hadi ushuke sentimita 20 chini ya sakafu ya ndani, kisha ardhi iinamishwe kutoka ukutani. Paa la mita 20 kwa 10 linakusanya lita 200 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua moja kubwa ya milimita 40 ni lita 8,000, na bila gata zote zinaangukia kwenye msingi. Wekeni gata na tangi la lita 5,000, maji yanayozidi yaelekezwe mbali kwa bomba. Mfuko wa fedha ni mmoja, najua, lakini afadhali gata kuliko vigae. Nasikia kuna anayetaka vigae vya kung'aa! Vigae juu ya sakafu inayotoa unyevu vinaweza kuusukuma unyevu huo kwenye kuta, zilezile tunazojaribu kuziokoa.

Popo msiwaue wala msiwafukize moshi. Ngojeni watoto wao waweze kuruka, halafu zibeni matundu usiku wakiwa wametoka, mkiacha tundu moja lenye wavu unaoning'inia wa kutokea tu. Kinyesi chao kiloweshwe kabla ya kuzolewa, na wanaozoa wavae barakoa nzuri, si kitambaa, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Na kama upande wa sakristia, kile chumba cha padre kuvalia, paa ni la zile shuka za kijivu ngumu zenye mawimbi, hizo zinaweza kuwa asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Msizitoboe, msizikate, msizipige mswaki. Pigeni simu NEMC, baraza la mazingira, kwanza.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo watu wanapojenga halafu wanafukuzwa. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1222 ya Sheria ya Kanisa inasema askofu wa jimbo ndiye anayeweza kulitoa kanisa kwenye ibada liende kwenye matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu, baada ya kulisikiliza Baraza la Mapadre. Paroko peke yake hawezi, hata awe rafiki yenu wa damu. Altare nayo haipotezi wakfu wake kwa sababu jengo limebadilishwa, kwa hiyo iondolewe kwa utaratibu wao, msiigeuze meza ya DJ. (Kule Pittsburgh, Marekani, kanisa moja liligeuzwa kiwanda cha bia na mgahawa mwaka 1996, na matangi yakasimamishwa palepale altareni. Usimwambie Katekista, atazimia.) Mkataba wa kulitumia jengo usainiwe na Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo, uwe na muhuri wao, na miaka ya kutosha kurudisha fedha mtakazozika pale.

Lile jengo la madarasa lina mtego mwingine. Shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969, kwa hiyo unaweza kukuta kanisa ni la jimbo, darasa lililo hatua kumi tu ni la halmashauri, na kiwanja hakijawahi kupimwa upya. Nendeni ofisi ya ardhi mkaone ramani kabla hamjamwalika mtu kukata utepe. Na kama nyuma kuna makaburi, hata yale yasiyo na misalaba, kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi, nayo ni ya 1969. Hayaguswi bila ngazi husika na ndugu wa marehemu.

Kuhusu kubomoa ukuta wa kati ili madarasa mawili yawe ukumbi mmoja: pandeni darini kwanza. Kama kuna kenchi zinazovuka kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, ukuta wa kati haubebi paa. Kama hakuna kenchi na pao zimelala moja kwa moja juu ya ukuta huo, ukiutoa paa linakuja chini siku hiyohiyo. Nyumba za zamani nyingi ziko hivyo. Hapo ni kuegemeza nguzo pande zote mbili, kupitisha boriti, na kumpata mhandisi wa kusaini. Mjomba wako asijaribu, namfahamu.

Narudi kanisani, kuna jambo mtalilaumu baadaye: mwangwi. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 10, kimo 6. Ujazo ni mita za ujazo 1,200, na kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni mita za mraba 760. Plasta na saruji ngumu zinanyonya kama asilimia 4 tu ya sauti, sawa na dirisha wazi la mita 30 za mraba. Kwa hesabu ya wataalamu wa sauti, zidisha 1,200 kwa 0.161, gawanya kwa 30: zaidi ya sekunde 6 kabla sauti haijafa. Kwaya inapenda, lakini kikao cha mtaa hakuna atakayemsikia mwenyekiti, na watasema spika ni mbovu wanunue kubwa zaidi, ambayo itazidisha kelele. Watu 100 wakikaa wanaongeza kama mita 45. Mkitundika juu ukutani mita 60 za magodoro ya pamba ya unene wa sentimita 10 mnaongeza kama 48, mnafika sekunde 1 na nusu, inatosha kabisa. Mwanza kukosa pamba itakuwa aibu, ulizieni mabaki kwenye viwanda vya kuchambulia. Iloweshwe boraksi na asidi ya boriki, ikauke kabisa, kisha chukua konzi moja nje uiwashe kiberiti. Ikishika moto, rudieni. Na mishumaa hapana.

Milango lazima ifunguke kwa nje, na iwe miwili iliyo mbali. Taa za nje ziwe za njano na zikae mbali na mlango, la sivyo wale wadudu wa ziwani watahudhuria kila kikao. Choo msichimbe, chini ni mwamba. Jengeni chemba juu ya ardhi, au waulizeni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama ule mtandao mdogo wa majitaka uliopita vilimani kama Igogo na Mabatini umewafikia. Radi pia msiisahau, urefu wa mnara ule na msalaba wake unaiita.

Matumizi nayo myapange mapema. Mkiacha, harusi na send-off zitameza Jumamosi zote, kwa kuwa ndizo zenye hela, na vikoba, vijana wa ngoma na kikao cha mtaa vitabaki vimesimama nje ya ukumbi wao. Tengeni siku za mtaa kwenye kalenda kwanza, ndipo mkodishe zinazobaki, na akaunti iwe na sahihi tatu. Bujora pale Kisesa, kanisa, makumbusho ya Wasukuma na mashindano ya ngoma ya Bulabo vinaishi uwanja mmoja bila kugombana, kwa hiyo inawezekana. Wasiliana nao.

Hebu nijibu: unene wa ukuta ni sentimita ngapi dirishani? Ufa ule juu ya mlango ni wa zamani, au umeonekana tangu masika? Bandika kipande cha plasta juu yake, andika tarehe, uone kama kinakatika. Funguo anazo nani sasa? Mwalimu amekubali kuwa mweka hazina au bado anazunguka? Jimbo limewajibu kwa barua au kwa mdomo? Madirisha ya vioo vya rangi yanafunguka, au yamegandishwa yote? Na vuli mnaikabili vipi, kazi itakuwa imefunikwa?

Fundi akigoma kusubiri, mpe namba yangu anipigie usiku. Mchana nakuwa juu ya paa, simu naiacha chini.

Wako,
Magesa