Fimbo haikuwa mbali

Ndugu Mhariri,

Tangu nistaafu udaktari nalisoma gazeti lako kimyakimya, hata siku mlipoandika kwamba pweza ana mifupa. Ila ile makala ya Jumapili kuhusu vikwazo vya biashara imenishinda. Mwandishi wenu kaigusia Romania kwa aya moja: eti Marekani ilijaribu kuwatetea Wahungaria wa Transylvania, jimbo la Romania, kwa ushuru wa forodha ikaambulia patupu, maana "fimbo ya mbali haiui nyoka".

Mimi nilikuwa Cluj, mji wa Transylvania, nikisomea udaktari miaka ya 1980. Fimbo haikuwa mbali. Ilikuwa mkononi, na kila mwaka Rais wa Marekani aliifuta vumbi akairudisha pembeni. Romania ilipewa ushuru nafuu mwaka 1975 chini ya Jackson-Vanik, sheria ya Marekani kuhusu biashara na nchi za kikomunisti, na ruhusa ile ilitakiwa kuhuishwa mwaka hadi mwaka. Kipimo kilikuwa kimoja: raia waachwe wahame. Sasa Mhungaria asiyetaka kuhama, anayetaka abaki kwao na mwanawe afundishwe hesabu kwa lugha ya mama yake, huyo alipimwa na nani? Chuo Kikuu cha Bolyai, kilichofundisha kwa Kihungaria, kilishamezwa na cha Kiromania tangu 1959. Mwaka 1988 hata magazeti ya Kihungaria yakakatazwa kuita miji kwa Kihungaria. Kolozsvár, jina la Kihungaria la Cluj, ikawa haiandikiki, ni Cluj-Napoca tu. Hebu, Mhariri, chapa gazeti la Kiswahili huku umekatazwa kuandika "Ujerumani", uandike "Deutschland".

Januari moja mwenzangu darasani, Mhungaria, alinipeleka kijijini kwa bibi yake. Bibi akanipakulia supu ya maharage, akanikalisha karibu na jiko. Theluji ikamwagika, treni ya mwisho ikatupita. Hapo bibi akaanza kulia. Sheria ya 1974 ilikataza mgeni kulala nyumbani kwa raia asiye jamaa yake wa karibu, na jirani alishapita dirishani mara mbili. Akanitupia blanketi lake mabegani, akanipa mkate, akazima taa ndipo akafungua mlango. Nililala kwenye benchi la stesheni. Blanketi nililirudisha Machi. Hakunikaribisha ndani, alitoa mkono tu, akalivuta, akafunga.

Na msiniambie Ceaușescu, mtawala wa Romania, hakuogopa ushuru. Mwaka 1982 alitangaza kila anayehama alipe gharama za masomo yake kwa fedha za kigeni. Mwaka uliofuata Reagan, Rais wa Marekani, akatishia kumwondolea upendeleo, bwana akanywea. Kwa ajili ya lugha ya Wahungaria hakutishiwa hivyo. Bunge la Marekani lilikuja kupiga kura ya kusimamisha upendeleo mwaka 1987, na Februari 1988 Ceaușescu akaukataa mwenyewe, madeni ya nje akiwa karibu kuyamaliza. Aliyalipa kwa matumbo ya watu. Nyama ilikwenda nje, madukani ikabaki miguu ya nguruwe, ambayo wenyeji waliiita "wazalendo" kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya nguruwe isiyohama nchi. (Mimi wazalendo hao sikuwagusa, mama yangu alikuwa hai.)

Halafu tazameni Rwanda. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba; 2018 Washington ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo zake chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Miaka miwili! Kwa suruali zilizokwisha kuvaliwa hasira zilikuwepo, na sisi wengine wa Afrika Mashariki tukarudi nyuma haraka kabla hatujaguswa. Shati nililovaa sasa lina jina la timu ya baseball nisiyoijua.

Pendekezo langu: afisa yeyote anayetaka kutia saini ya kuhuisha upendeleo wa ushuru alazwe kwanza usiku mmoja wa Januari kwenye benchi lile. Mwandishi wenu amsindikize. Blanketi wasipewe.

Daktari mstaafu,
Ngamiani, Tanga